Kudizaini Websaiti Ukiwa Kibera ama Kawangware: Venye Unaanza, Bei ya Kuitisha na Venye Unalipwa

Kama unaweza kutengeneza posta kwa Canva na unatumia kompyuta bila kuuliza uliza, kazi ya kudizaini websaiti haiko mbali na wewe. Haitaki digrii, haitaki ofisi Westlands, na mteja wako wa kwanza pengine yuko mwendo wa dakika kumi kutoka kejani. Lakini kuna wasee wengi huanza, wanafanya kazi mbili tatu, halafu wanaacha. Mara mingi si juu hawajui kazi. Ni juu waliitisha bei ya kuoneana huruma, hawakuandika makubaliano, na mteja akahepa na salio.

Hii ni ramani ya safari yote, kutoka laptopu hadi doo kuingia kwa simu. Kama tayari unajua kujenga, ruka hadi sehemu ya bei. Hapo ndio watu huumia.

Kwanza, websaiti ni vitu vitatu

Chukulia ni kibanda cha nguo Toi Market. Kuna jina limeandikwa kwa bango, kuna nafasi unalipia kodi, na kuna nguo zenyewe venye umezipanga. Websaiti iko hivyo hivyo.

Jina ni domeni. Hapa Kenya domeni zote za .ke zinasimamiwa na KeNIC, lakini hununui kwao moja kwa moja, unanunua kwa kampuni zenye wameidhinisha. Biashara huchukua .co.ke, shule .sc.ke, mashirika yasiyo ya faida .or.ke, na wewe binafsi unaweza kuchukua .me.ke. Tangu 2017 unaweza pia kuchukua .ke peke yake. Bei ya .co.ke ni kama thao moja hivi kwa mwaka, wengine wanauza chini, wengine juu.

Nafasi ni hosti, yaani kompyuta ya kampuni fulani yenye inakaa imewashwa saa 24 ikiwa imebeba faili za mteja. Hii pia hulipiwa, kwa mwezi ama kwa mwaka.

Nguo ni kurasa zenyewe: maandishi, picha, nambari ya simu, ramani, fomu ya kuagiza. Hapo ndio kazi yako iko. Lakini mteja hajui tofauti ya hivi vitu vitatu, na usipomwelezea mapema, mwaka ukiisha na domeni ikizima atasema umemwibia.

Hii kazi si ngeni mtaani

Usidanganywe ati mambo ya teki ni ya watoto wa Lavington. NairoBits imekuwa ikifunza vijana wa mitaa ya mabanda Nairobi kudizaini websaiti tangu karibu mwaka wa 2000, wakati watu wengi hapa hawakuwa wameguswa na intaneti. Hiyo idea ilishika hadi ikazaa shule za aina hiyo kwingine: ZanzBits Zanzibar, KampaBits Kampala na AddisBits Addis Ababa.

Mwaka wa 2009, Kibera ilikuwa doa tupu kwa ramani za mtandaoni. Vijana wa huko wakashika GPS, wakatembea vijia vyote, wakaweka vyoo, shule, kliniki na vibanda kwa OpenStreetMap. Mradi huo unaitwa Map Kibera. Mwaka mmoja kabla, baada ya vurugu za uchaguzi, Ushahidi ilikuwa imezaliwa hapa Kenya kama websaiti ya kukusanya ripoti za wananchi. Mwaka wa 2010 iHub ikafunguliwa kando ya Ngong Road, mahali msee wa Kibera anafika kwa miguu.

Leo kuna Tunapanda Institute, hapo Kibera, yenye imefunza vijana wengi teknolojia, dizaini na biashara, na ikajenga mtandao wa kijamii unaitwa TunapandaNET kuunganisha shule na vituo vya vijana. Serikali nayo iko na Ajira Digital, mpango wa kufunza vijana kazi za mtandaoni. Uliza nafasi na tarehe za madarasa kwao wenyewe, juu hubadilika.

Vifaa: nunua kenye kinatosha, si kenye kinang'aa

*Laptopu.* Ex-UK inatosha kabisa. Angalia vitu viwili kabla ya rangi: RAM ya 8GB na diski ya SSD. Laptopu ya zamani yenye SSD itakimbia kuliko mpya ya diski ya kuzunguka. Luthuli na Moi Avenue ziko kibao, na mashine safi ya aina hiyo mara mingi hucheza kati ya 15,000 na 25,000. Ukiwa dukani, chomoa chaja ukae nayo nusu saa, uone betri inashuka aje. Bonyeza kila kitufe. Funga na ufungue mfuniko mara kadhaa. Itisha risiti yenye imeandikwa siku za waranti.

*Kama huna laptopu bado,* simu ya Android inaweza kukuanzisha. Programu kama Acode na Spck zinakuwezesha kuandika HTML na CSS ukiwa kwa simu. Ni polepole, lakini mwezi wa kwanza wa kujifunza unaisha bila shida. Halafu maktaba ya KNLS Kibera na masaiba ya mtaa yanakusaidia kumalizia.

*Intaneti.* Usijenge ukitumia bando za siku, zitakumaliza. Poa Internet ilianzia mitaa kama hii yetu na iko Kibera na Kawangware. Linganisha na waifai za jirani kabla ya kulipa. Mkiwa wanne kwa ploti mmoja, gawaneni.

*Stima.* Hii ndio adui. Ikipotea saa mbili usiku na mteja anangoja kesho asubuhi, hakuna maelezo anataka kusikia. Weka laptopu chaji kila wakati stima iko, hifadhi kazi yako kwa GitHub ama Google Drive kila jioni, na ujue mahali pawili pengine unaweza kukaa na chaja.

Kujifunza bila kulipa: mpango wa miezi minne

*Mwezi wa kwanza:* HTML na CSS. freeCodeCamp ni bure, na MDN ndio kamusi ya kila kitu. Programu ya kuandikia ni VS Code, hiyo pia ni bure. Jifunze kupanga ukurasa ukae poa kwa simu kabla ya kompyuta, juu mteja wa mteja wako ataifungua kwa Android akiwa kwa matatu ya 46.

*Mwezi wa pili:* JavaScript ya msingi na WordPress. Kuna wasee hudharau WordPress ati si kazi ya kweli. Achana nao. Zaidi ya asilimia 40 ya websaiti zote duniani zinaendeshwa nayo, na faida yake kwako ni kwamba mwalimu mkuu anaweza kubadilisha tarehe ya kufungua shule mwenyewe bila kukupigia.

*Mwezi wa tatu:* Uzito wa picha. Inaonekana ni kitu kidogo lakini hapa ndio dizaina wa mtaa anawashinda wengi. Picha ya simu inaweza kuwa na 4MB. Weka kumi kwa ukurasa mmoja na umekula bando ya mtu. Pitisha kila picha kwa Squoosh, iwe chini ya 200KB. Halafu weka kitufe cha WhatsApp: linki inaanza na wa.me/ ikifuatwa na nambari kutoka 254, bila alama ya kujumlisha na bila sufuri.

*Mwezi wa nne:* Jenga websaiti tatu za kuonyesha. Usijenge "Kampuni ya Mfano". Chagua vitu vya ukweli: salon ya hapo Congo, shule ya nasari Gatina, mtu wa fanicha kando ya Ngong Road. Omba ruhusa ya mwenyewe kwanza, piga picha zake, jenga. Ziweke kwa GitHub Pages, ambayo ni bure. Sasa uko na kitu cha kuonyesha, na pia watu watatu wameona unajua kazi.

Mteja wa kwanza hayuko Marekani

Kila mtu hukimbilia Fiverr na Upwork siku ya kwanza. Huko unashindana na dunia mzima, na huna hata maoni moja ya mteja. Fiverr pia hukata asilimia 20 ya kila malipo yako. Usizitupe, lakini zingoje. Mtaani uko na kitu hao wengine hawana: mteja anaweza kukuona, kukusalimia na kujua unaishi wapi.

Nani anahitaji websaiti kweli?

- *Shule za kibinafsi.* Mzazi anataka kujua karo, tarehe na mahali iko kabla apande matatu.
- *CBO na vikundi vya vijana.* Kila fomu ya kuomba ufadhili inauliza websaiti.
- *Wasanii wa vito vya mifupa na shaba Kibera.* Wanunuzi wao wengi ni wageni, na mgeni hutafuta mtandaoni kwanza.
- *Mafundi wa Kawangware wanaofanya kazi Lavington na Kilimani.* Fundi wa mabomba, wa stima, wa kuhamisha vitu. Mteja wa Lavington hatembei 56 kuuliza, anaandika kwa Google.
- *Makanisa, kliniki, maduka ya dawa, watu wa keta na tenti.*

Na nani hahitaji? Mama mboga. Kinyozi wa viti viwili. Mwambie ukweli: "Mathe, websaiti haitakusaidia saa hii. Wacha nikuwekee biashara yako kwa ramani ya Google na WhatsApp Business." Wasifu wa biashara kwa Google ni bure, wewe itisha pesa kidogo ya kazi yako ya nusu siku. Akipata wateja, atakuwa bango lako. Ukimuuzia websaiti ya 15,000 yenye haimsaidii, atakuwa bango pia, lakini la kuonya wengine.

Ukienda kwa mtu, usianze na maneno ya teki. Anza na shida yake. Kitu kama hii:

"Habari ya asubuhi, Mwalimu. Naishi hapa Gatina na natengeneza websaiti. Nimejaribu kutafuta shule yenu kwa Google, nikapata nambari ya zamani yenye haishiki. Mzazi mgeni hawezi kuwapata. Nimetengeneza mfano wa ukurasa mmoja, naweza kuwaonyesha kwa dakika tano?"

Mfano kwa mkono unaongea kuliko proposali ya kurasa kumi. Akisema arudi mwenye shule, uliza siku gani na urudi siku hiyo.

Bei: piga hesabu kabla ya kutaja

Chukua mfano wa websaiti ya shule ya kurasa tano. Gharama zenye zinatoka kwa mfuko wako, tuseme ni hivi: domeni 1,000, hosti ya mwaka 4,000, intaneti 1,500, nauli na simu 500. Jumla 7,000.

Saa zako nazo: mikutano 4, kupiga picha na kukusanya maandishi 8, kujenga 24, marekebisho 10, kumfunza sekretari kutumia 4. Jumla saa 50.

Ukiitisha 8,000 juu unaogopa kumpoteza, unabaki na 1,000. Gawa kwa saa 50: ni mbao kwa saa. Mbao, msee. Hata smokie haitoshi.

Ukiitisha 20,000, unabaki na 13,000, na hiyo ni 260 kwa saa. Si utajiri, lakini ni kazi. Sasa mteja akikuongezea "kitu kidogo tu" hapa na pale hadi saa 20 zaidi, unashuka chini ya 190 kwa saa, bila kujua. Ndio maana kila nyongeza lazima iwe na bei.

Tumia hesabu hii hii na nambari zako. Gharama, jumlisha saa mara bei yako ya saa, halafu ongeza kidogo juu kitu lazima itaharibika. Ukishapata jumla, usiishushe ovyo. Mteja akisema hana, usipunguze bei, punguza kazi: "Sawa, kwa 12,000 naweza kuwafanyia kurasa mbili, na picha mtaleta nyinyi."

Halafu kuna pesa yenye wengi hawaitishi: ya kutunza. Kila websaiti inataka kuangaliwa, kusasishwa, kubadilishiwa picha na kuwekewa nakala ya akiba. Kubali na mteja ada ndogo ya kila mwezi ama ya muhula. Wateja kumi wakikulipa soo tano kila mwezi, hiyo ni 5,000 yenye inaingia hata mwezi hujapata kazi mpya. Kodi ya nyumba mtaani hujengwa na hiyo.

Makubaliano: ukurasa mmoja unatosha

Hakuna haja ya wakili. Andika kwa Kiswahili cha kawaida, wote wawili wasaini, kila mtu akae na nakala. Hata ujumbe wa WhatsApp wenye mteja amejibu "nimekubali" ni bora kuliko maneno ya mdomo. Weka hivi:

1. Kurasa ngapi, na zipi kwa majina.
2. Nani analeta maandishi na picha, na kabla ya tarehe gani. Kazi nyingi hukwama hapa, si kwa dizaina.
3. Marekebisho mara mbili bila malipo. Ya tatu ina bei.
4. Malipo: nusu kabla ya kuanza, robo akiona websaiti ikifanya kazi, robo siku ya kuiweka hewani.
5. Domeni na hosti zimelipiwa hadi tarehe gani, na mwaka ujao nani analipa.
6. Websaiti ni ya mteja akimaliza kulipa, na wewe unaruhusiwa kuionyesha kama kazi yako.

Hiyo nambari sita usiiruke. Chini ya sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001, kazi ukiagizwa na mtu, hakimiliki huenda kwa aliyekuagiza isipokuwa mmekubaliana vingine. Bila hiyo sentensi unaweza kukatazwa hata kuweka skrinishoti.

Na kuhusu nusu ya kwanza: hiyo si dharau kwa mteja. Fundi wa nguo huitisha pesa ya kitambaa, fundi wa milango huitisha pesa ya chuma. Wewe pia unanunua domeni na hosti. Mteja mwenye amekataa kulipa shilingi kabla ya kazi, mara mingi ndio yule yule atasumbua baada ya kazi.

Domeni ni ya mteja. Kabisa.

Hapa ndio jina lako linajengwa ama linakufa. Kuna mchezo wa madizaina kusajili domeni ya mteja kwa jina lao na barua pepe yao. Wakikosana, dizaina anazima simu. Mwaka ukiisha hakuna mtu analipia, domeni inazima, na mtu mwingine anaweza kuichukua. Shule imeandika hiyo anwani kwa ukuta, kwa basi, kwa sare na kwa ripoti za watoto. Yote imekuwa takataka.

Wengine hufanya hivyo makusudi, ndio mteja asihepe. Hiyo si ulinzi, ni kushika mtu mateka, na mtaa ni mdogo. Kinga yako ni malipo kwa awamu: jenga kwa anwani ya muda, onyesha, lipwa, ndio uhamishe kwa domeni yake. Hakuna mtu amefungiwa kitu chake.

Kwa hivyo sajili domeni kwa jina la mteja, barua pepe yake na nambari yake ya simu. Siku ya kumkabidhi, mpe karatasi moja: kampuni ya domeni, kampuni ya hosti, tarehe ya kulipa tena, na jina la kuingilia. Neno la siri abadilishe mwenyewe ukiwa hapo. Dizaina mwenye anapeana hiyo karatasi huitwa tena.

Venye pesa inaingia

Kwa mteja wa hapa, M-Pesa inatosha, lakini tenganisha pesa ya kazi na yako ya matumizi. Pochi la Biashara ama Till itakusaidia kuona mwezi umeingiza ngapi. Na usikabidhi kitu juu umeona ujumbe kwa simu. Ujumbe wa M-Pesa hutengenezwa na matapeli kila siku. Angalia salio lako mwenyewe kwanza.

Ukishapata uzoefu, jifunze Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha malipo na websaiti. Kuna sehemu ya majaribio yenye ni bure. Dizaina mwenye anaweza kuweka kitufe cha kulipa na M-Pesa, mteja abonyeze na aitishwe PIN kwa simu yake, anaitisha bei nyingine kabisa.

Kwa mteja wa majuu, tangu 2018 unaweza kutoa pesa ya PayPal moja kwa moja hadi M-Pesa. Angalia kiwango cha kubadilisha dola kabla ya kubonyeza, juu hapo ndio hukatwa kimyakimya. Hesabu hiyo makato ndani ya bei yako tangu mwanzo.

Mteja akikataa kulipa

Anza kwa amani: mtumie ujumbe wa heshima wenye tarehe, kiasi, na kipande cha makubaliano. Ngoja siku saba. Mtumie mwingine, useme tarehe ya mwisho ni lini na utachukua hatua gani.

Akiendelea kukulenga, kuna mahakama ya madai madogo. Sheria yake ni ya 2016 na ilianza kusikiliza kesi 2021 pale Milimani. Inashughulikia madai hadi shilingi milioni moja, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Yale makubaliano ya ukurasa mmoja, zile meseji za WhatsApp na rekodi ya malipo ya kwanza, huo ndio ushahidi wako. Mara mingi hutafika huko. Mteja akijua unajua njia, hulipa.

Karatasi za serikali

PIN ya KRA ni bure kwa iTax. Ukiwa nayo, lazima uwasilishe ritani kila mwaka kabla ya Juni 30 hata kama hukupata kitu. Kuchelewa kunaanza na faini ya 2,000. Kampuni ama shirika likikupa kazi, litakuitisha invoisi ya eTIMS, kwa hivyo jisajili mapema usije ukakosa kazi ya maana juu ya karatasi. Jina la biashara linasajiliwa kupitia eCitizen. Si lazima siku ya kwanza, lakini ukitaka kufungua akaunti ya benki kwa jina la biashara, utalihitaji.

Kitu kingine: websaiti yenye inakusanya majina, nambari za simu ama habari za watoto inaguswa na sheria ya ulinzi wa data ya 2019. Usiitishe kitu hakihitajiki. Shule haihitaji nambari ya kitambulisho ya mzazi ili kumjibu swali la karo.

Chanuka: mitego ya kawaida

- *"Lipa ada ya usajili tukupe kazi."* Mteja wa kweli hulipa, hailipwi.
- *Kununua ama kukodi akaunti ya mtu kwa majukwaa ya kazi.* Ikifungwa, pesa yote iliyokuwa ndani imeenda, na huna wa kushtaki.
- *"Tufanyie hii bure, tutakuonyesha kwa watu."* Fanya bure kwa hiari yako tu, mara moja, na kwa makubaliano yale yale ya kuandikwa.
- *Templeti za kulipiwa zenye unapewa bure.* Nyingi huwa na mlango wa nyuma. Websaiti ya mteja ikianza kuuza dawa za kuongeza nguvu saa tisa usiku, wewe ndio utapigiwa.
- *Mshirika bila makubaliano.* Mabeshte wawili mkifanya kazi moja, andikeni nani anapata ngapi kabla pesa iingie, si baada.

Wiki yako ya kwanza ya kutafuta kazi

Jumatatu, andika majina ya biashara kumi zenye ziko kwa njia unapita kila siku. Jumanne, tafuta kila moja kwa Google na uandike shida yake. Jumatano na Alhamisi, tengeneza mfano wa ukurasa mmoja kwa zile mbili zenye zina shida kubwa. Ijumaa, vaa safi, nenda uone wenyewe kabla ya saa nne, wakati wateja wao hawajajaa. Jumamosi, rudi kwa mwenye alisema "nitafikiria".

Kati ya kumi, tisa wanaweza kukataa. Hiyo ni kawaida, usiichukue kwa roho. Yule mmoja mwenye amekubali, mwandikie ukurasa mmoja, itisha nusu, na usajili domeni kwa jina lake. Ukimaliza, muulize swali moja tu: nani mwingine unajua anahitaji hii kitu? Mtaani, kazi ya pili hutoka kwa mdomo wa mteja wa kwanza.